Shule Niliyompa Bibi

Wiki tatu kabla ya misa ya mwaka mmoja wa bibi yangu nilikosa usingizi kwa sababu ya swali ambalo mtu mwingine angelimaliza dukani ndani ya dakika tano: ninunue kitabu kipi cha kujifunzia kuandika? Nilikuwa nimeshaona vitatu. Kila kimoja nilikitafutia sababu ya kukinunua, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshapata sababu ya kukiacha. Kile kinene kilikuwa na kanuni nyingi, lakini vipi kama kanuni ndizo zilizoniponza? Kile chenye jalada la kung'aa kilisema kila mtu ana sauti yake, lakini vipi kama yangu ndiyo mbaya? Chembamba kilikuwa cha zamani, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Nilijigeuza kitandani nikivipanga na kuvipangua. Chini ya swali hilo lilikuwepo jingine, na hilo ndilo hasa lililonikesha: vipi kama siku ile sikukosa ufundi hata kidogo, nilikosa kitu kingine kisichouzwa kwenye meza ya vitabu?

Siku ile ni siku tuliyomzika bibi.

Alifariki kijijini Mgori, mwezi wa saba, alizeti ikiwa imeshavunwa. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi michache tu kabla. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupata digrii, kwa hiyo kikao cha familia kilipogawa kazi za msiba, nani wachimbe kaburi, nani alete maji, nani apokee wageni, baba mdogo hakusita.

"Historia ya marehemu ataandika msomi wetu."

Kwetu karatasi hiyo si jambo dogo. Baada ya misa, kabla jeneza halijabebwa kwenda kaburini, mtu husimama na kusoma marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliolewa na nani, alifanya kazi gani, aliugua nini. Watu hukaa kimya kuliko hata wakati wa mahubiri. Wasiomjua marehemu humjulia hapo. Wanaomjua husikiliza kama umekosea.

Kwenye begi nilikuwa na kitabu kimoja, mwongozo wa kuandika barua, risala na hotuba, ambacho nilikinunua kwa ajili ya barua za kuomba kazi. Nyuma kabisa kulikuwa na mfano wa historia ya marehemu. Marehemu wa kwenye mfano alikuwa mtumishi wa serikali, mwenye vyeo na vituo vya kazi. Nilikaa nyuma ya zizi, nikaweka kitabu gotini, nikaanza kujaza. Kuzaliwa, nikakadiria. Wazazi, nikauliza. Kisha kikaja kichwa kidogo kilichoandikwa Elimu.

Bibi hakwenda shule hata siku moja. Kwenye kila karatasi aliyowahi kupewa aliweka dole gumba, na wino ukimbaki kidoleni aliufutia kwenye ukuta wa nyumba. Ningeweza kuruka kipengele hicho. Ningeweza kuandika kwamba hakubahatika kusoma, kama wengi wanavyoandika, na hakuna ambaye angeshangaa. Lakini wenzangu watano wa chuo walikuwa njiani kuja kuzika nami, na wawili kati yao walitoka kwenye nyumba zenye maktaba. Nikawafikiria wamekaa pale chini ya turubai wakisikia. Mkono wangu ukaandika: marehemu alipata elimu ya msingi katika shule ya misheni, ambako alionyesha bidii na nidhamu. Sentensi yote ilitoka kwenye mfano isipokuwa neno misheni. Hilo nililitia mwenyewe.

Baada ya hapo mengine yalikuja bila kusukumwa. Alipenda kusoma. Alikuwa mshauri mwema kwa wenzake. Alikuwa mcheshi na mwenye upendo kwa wote. Kabla ya kufunga kitabu nilihakikisha nafasi zote zimejaa, kama mtu anayekagua fomu ya mkopo wa chuo.

Niliposimama kusoma, sauti yangu ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniumiza nikikumbuka: nilijisikia nikisoma vizuri. Nilipofika kwenye shule ya misheni, bibi mmoja wa rika lake, aliyekaa mkekani mstari wa mbele, alimgeukia jirani yake akasema kwa sauti ya mtu ambaye masikio yake yamechoka:

"Shule ipi? Si tulikuwa wote machungani?"

"Labda alikuwa anakwenda tukilala," akajibu mwenzake.

Kicheko kilianzia kwenye mkeka ule kikatembea mpaka kwa wanaume waliosimama nyuma. Kicheko cha msibani, cha kubana midomo, lakini kicheko. Wenzangu wa chuo waliangalia chini. Mimi niliendelea kusoma, kwa haraka zaidi, mpaka kwenye maneno "alipenda kusoma", na hapo watu hawakujizuia tena. Shangazi yangu, binti mkubwa wa bibi, hakucheka. Alivuta kitenge akajifunika uso wote.

Jioni, wageni walipopungua, nilimfuata jikoni kumpa pole, kama vile pole hiyo ingenisaidia mimi. Alikuwa anasugua sufuria kubwa kwa majivu.

"Shangazi, nisamehe. Nilikosea kidogo pale."

Hakuniangalia. "Mama yangu hakuwa na kasoro mpaka umtafutie shule," akasema, akaendelea kusugua.

Nilirudi Singida mjini kesho yake. Kwa mwaka mzima sikukanyaga Mgori. Nilikuwa na visingizio vya usaili, na baadhi ya usaili huo ulikuwa wa kweli.

Kisha baba mdogo akapiga simu. Kaburi litajengewa, misa itasomwa, na historia ya bibi itasomwa tena, safari hii ndefu kidogo, na baadaye ichapwe na kugawiwa watu.

"Baba mdogo, labda apewe mtu mwingine."

"Nilimtaja katekista. Shangazi yako amekataa."

"Amesemaje?"

"Amesema, yule yule."

"Yule yule tu?"

"Yule yule tu. Unataka na muhuri?"

Alikata simu akicheka. Mimi nilibaki na maneno hayo mawili siku nyingi. Yule yule, kama adhabu? Yule yule, kama msamaha? Au shangazi alitaka nianguke mara ya pili mbele ya watu wale wale ili jambo liishe? Nilijaribu kukumbuka namna anavyosema akiwa amekasirika na namna anavyosema akiwa ametulia, nikagundua kwamba ni namna moja.

Kwa hiyo nikaenda kutafuta vitabu. Nilijiambia kwamba tatizo langu ni uandishi, na uandishi unafundishika.

Muuzaji niliyemwendea anatandika vitabu vyake mezani karibu na stendi, vya shule upande mmoja, vya dini upande mwingine, na katikati vile vya mtu kujiendeleza. Siku ya tatu nilipofika bila kununua kitu aliweka mkono juu ya vitabu kama mtu anayezuia kuku wasitoroke.

"Kaka, juzi ulishika hiki. Jana ukashika hiki. Vimeshakuzoea, kimoja kitakuita baba."

"Natafuta cha kuandika vizuri."

"Kuandika nini? Kuna watu wa barua, kuna watu wa maandiko ya miradi, kuna watu wa mashairi."

"Kuandika vizuri tu."

"Vizuri tu hakuna. Hapa kila kitabu kina mgonjwa wake. Wewe unaumwa wapi?"

Kumwambia ningemwambia nini, kwamba nilimsomesha bibi yangu baada ya kufa? Nilinunua kile kinene na kile cha jalada la kung'aa. Chembamba akakichomeka mwenyewe katikati ya hivyo viwili. "Hiki hakuna anayekishika. Kichukue, kinanilia nafasi."

Wakati huo nilikuwa naishi mtaa wa Utemini kwa dada yangu, ambaye ana kiduka cha fotokopi na vifaa vya shule. Yeye aliishia kidato cha nne. Mchana nilimsaidia dukani, huku nikisubiri kazi ambayo kila mtu alikuwa na uhakika nitaipata isipokuwa mimi. Vitabu vyangu nilivivalisha magazeti ili asione majalada. Kijana mwenye digrii anayesoma kitabu cha kujifunza kuandika ni kama fundi anayeuliza nyundo inashikwaje. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Kinene nilikisoma kwa kalamu mkononi. Nilichora jedwali: kanuni, mfano, kosa langu. Kilitaka kila aya iwe na wazo kuu na kila sentensi ipimwe. Nilimaliza sura nne nikawa siwezi kuandika hata ujumbe wa simu bila kuupima. Cha jalada la kung'aa kilisema niache kupima kabisa, niandike kila asubuhi chochote kinachokuja. Niliandika asubuhi tano. Kilichokuja siku zote tano ni kwamba naogopa misa ya bibi. Vitabu hivyo viwili havikukubaliana hata kwenye jambo moja, na mimi nilivitii vyote kwa zamu, kinene mchana, cha kung'aa asubuhi, huku siku zikipungua. Kuhusu bibi mwenyewe nilikuwa sijaandika hata mstari.

Siku moja alikuja dukani mama mmoja, mkulima wa vitunguu. Ng'ombe wa jirani walikuwa wameingia kwenye bustani yake, naye alitaka barua kwa mtendaji wa kata. Dada alikuwa anahangaika na mashine iliyokuwa imemeza karatasi, akaniambia niandike mimi. Nilifurahi. Hii ilikuwa nafasi ya kupima nilichojifunza. Mama alieleza, nikaandika, kisha nikamsomea kwa kujiamini: husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu, ninayo heshima kuwasilisha kwako malalamiko yangu kuhusu uharibifu wa mali uliojitokeza katika eneo langu la uzalishaji.

Mama alisikiliza huku amekunja uso. "Hapo ng'ombe wako wapi?"

"Wanakuja, mama. Huo ni utangulizi."

"Wamechelewa. Vitunguu vimeshaliwa."

Dada aliangua kicheko mle mle kwenye mashine. Alifuta mikono, akakaa kwenye kompyuta, akaanza kumuuliza. Siku gani? Asubuhi au jioni? Ng'ombe wangapi? Uliwaona kwa macho yako? Matuta mangapi yameliwa? Kila jibu alilichapa hivyo hivyo lilivyotoka. Alipomsomea, mama alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ee. Hiyo mtendaji akisoma ataona mpaka kwato." Kisha akanielekezea kidevu. "Huyu ni mdogo wako? Bado anasoma?"

"Amemaliza chuo kikuu."

"Aa," akasema mama, kwa huruma ya kweli. "Pole."

Alipoondoka, dada alifungua droo kutafuta stepla akakuta vitabu vyangu. Alichana gazeti la kimoja, akachana la cha pili, akaninyooshea.

"Umevivalisha nguo! Mimi nilidhani una vitabu vya mambo machafu."

"Niachie, dada."

"Ni kwa ajili ya historia ya bibi?"

Akaacha kucheka. Alikuwepo msibani. Alikuwa amesimama nyuma ya shangazi.

"Nikuulize kitu, na usikasirike," akasema. "Ukishamaliza hivi vitabu vyote, kumhusu bibi utakuwa umejua nini?"

Nilikasirika. Nilimwambia hajui mambo ya uandishi, kwamba kuandika barua za ng'ombe si kuandika maisha ya mtu. Niliona uso wake ukifunga. Alivirudisha vitabu kwenye droo taratibu, kimoja juu ya kingine, akaenda kuifungua mashine tena. Kwa hiyo siku hiyo nilikuwa na aibu mbili, na hii ya pili nilikuwa nimeitengeneza kwa macho makavu.

Siku mbili baadaye, kwa kukosa cha kufanya, nilishika kile chembamba. Kilikuwa kijitabu cha kurasa chache, kimetengenezwa kwa ajili ya walimu wa madarasa ya watu wazima, kuwafundisha namna ya kukusanya na kuandika habari za watu wa vijijini mwao. Hakikuwa na sura juu ya lugha ya kuvutia. Hakikuwa na mfano hata mmoja wa kunakili, nami nilikuwa nimekidharau hasa kwa sababu hiyo. Kilikuwa na kazi za kufanya tu, na nyingi zilikuwa za kutoka nje ya nyumba: nenda kwa fulani, kaa, uliza, nyamaza, andika anavyosema. Moja ya kazi hizo ilinifanya nikifunge. Ilisema kwamba kama umewahi kuandika habari za mtu na una mashaka nazo, chukua hicho ulichoandika, ukakisome chote mbele ya mtu anayemjua kuliko wewe. Usijitetee. Kila anaposema hapana, weka alama.

Nilikiweka chini nikarudi kwenye kinene. Nilisoma kurasa mbili kuhusu viunganishi. Na hapo, huku nimeshika kalamu yangu, nilielewa nilichokuwa nafanya. Vitabu viwili vilinipendeza kwa sababu viliniacha nikae chumbani. Nilikuwa navichagua kama mtu anayechagua dawa kwa kuangalia ipi haina uchungu. Cha tatu ndicho pekee kilichonitisha, na kilinitisha kwa sababu kilijua naumwa wapi.

Kusema kwamba niliamua palepale ingekuwa ni kujipamba. Nilizungukazunguka siku nyingine nzima. Nilijiuliza kama shangazi atakuwa na kazi nyingi, kama nimpigie simu kwanza, kama kumsomea karatasi ile si kumtonesha. Siku iliyofuata nilimwomba dada radhi, vibaya, huku naangalia kaunta. Akasema, "Msalimie shangazi," ingawa nilikuwa sijamwambia naenda popote. Niliviacha vitabu viwili kwenye droo, nikachukua kijitabu, daftari, na ile karatasi ya msiba ambayo nilikuwa nimeificha mwaka mzima ndani ya bahasha ya vyeti vyangu.

Shangazi nilimkuta uani anapiga alizeti. Vichwa vilikuwa vimetandazwa kwenye turubai, naye alikuwa amekaa kwenye kigoda na fimbo fupi, anapiga kimoja kimoja, mbegu zinaruka. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unavuma, makapi yamemjaa kichwani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Mjini hamli?"

"Tunakula."

"Shika fimbo."

Nilipiga alizeti karibu saa nzima bila kusema nilichojia. Mkono uliuma, nikashukuru unauma. Hatimaye niliweka fimbo chini, nikatoa karatasi.

"Shangazi, nimekuja kukusomea ile historia."

"Niliisikia."

"Najua. Nataka niisome, uniambie wapi si kweli."

Aliniangalia machoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. Kisha akaendelea kupiga. "Soma."

Nilisoma. Mwaka wa kuzaliwa, akasema hapana, akanitajia mvua ambayo watu huhesabia. Mahali pa kuzaliwa, hapana, ng'ambo ya msitu. Niliweka alama. Nilipofika kwenye shule nilisimama. Kijitabu kilisema nisijitetee, nami sikuwa na utetezi, nilikuwa na kitu kibaya zaidi.

"Shangazi, hapa sikukosea. Nilijua hakusoma. Niliandika hivyo kwa sababu ya wale wenzangu. Nilimwonea bibi aibu."

Fimbo yake haikusimama. Ilipiga kichwa kimoja, ikapiga kingine. Nilitamani anitukane kwa Kinyaturu, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo, niombe radhi nimalize.

"Najua," akasema. "Ningekuwa sijui ningekubali katekista aandike. Malizia."

Nilisoma mpaka mwenye upendo kwa wote. Hapo ndipo fimbo ilipotulia.

"Kwa wote, kweli," akasema. "Sisi wanawe ndio tuliokuwa wa mwisho kwenye hao wote."

Akaniambia kuhusu mwaka wa njaa, yeye akiwa na umri kama wa miaka kumi. Bibi alikuwa na kibuyu kikubwa cha mbegu za uwele, amezichanganya na majivu na kukiziba mdomo kwa mavi ya ng'ombe. Kilikaa upande wa kichwa chake alipolala. Watoto walikula mboga za porini bila ugali, wakalia, na kibuyu kipo. Siku moja shangazi alikitoboa akachota konzi moja. Bibi alimpiga mkono kwa mwiko mpaka ukavimba, akaziokota punje chini moja moja. Mdogo wao wa kiume, ambaye sikuwahi kusikia kama alikuwepo, hakuifikia mvua. Mvua iliponyesha bibi alifungua kibuyu akagawia mbegu nyumba saba, moja ikiwa ya mwanamke ambaye walikuwa hawasalimiani. Eneo lote lile lilipanda kutoka kwenye kibuyu hicho.

"Watu walimsifu," akasema shangazi. "Mimi nilimchukia. Miaka mingi. Nilipokuwa na wanangu ndipo nilipoanza kumuuliza, na hakuwahi kunijibu. Alikuwa anasema, ungefanyaje wewe? Mpaka leo sijui ningefanyaje."

Nilifanya kilichoandikwa kwenye kijitabu. Nilinyamaza. Baada ya muda nikauliza, "Niandike?"

"Andika."

"Na mtoto?"

"Ana jina. Andika jina lake."

"Na kwamba ulimchukia?"

Alifikiri. "Andika. Angekuwepo angekwambia yeye mwenyewe, kwa kelele zaidi."

Nilikaa Mgori siku nne zilizobaki kabla ya misa. Kwa wazee wengine wawili nilikwenda pia, nikauliza, nikanyamaza. Siku ya nne nilimsomea shangazi historia mpya, kurasa tatu. Alisema hapana mara mbili, nikarekebisha. Kisha nikampelekea baba mdogo, ambaye alisoma amesimama, miwani puani, na alipofika mwisho akanivuta pembeni.

"Umeandika vizuri, tena sana. Lakini mambo ya mtoto kufa, binti kumchukia mama yake, mbele ya padri na mtendaji? Weka upendo na ukarimu. Na hapa mwanzoni unasema historia ya mwaka jana haikuwa ya kweli. Ya nini hiyo? Watu wameshasahau."

"Hawajasahau, baba mdogo."

"Basi waache wasahau. Wewe ni msomi, jistahi."

Alinipa njia nzuri ya kutokea, na ningekuwa mwongo nikisema sikuitamani. Usiku huo na asubuhi yake nilitafuta sentensi ya katikati, ambayo ingesahihisha bila kukiri. Niliandika nane. Zote zilikuwa safi, na kila moja ilinificha vizuri. Shangazi alinipita na ndoo ya maji, akaliona daftari. Nilizikata zote nane. Nikamwendea baba mdogo kwenye mahema nikamwambia kwamba nitaisoma kama ilivyo, pamoja na mwanzo wake, au amtafute mwingine na nitamweleza shangazi kwa nini. Alipumua kwa nguvu. "Utajiaibisha," akasema, kisha akaenda kupanga viti.

Misa ilipoisha niliitwa. Mikeka ilikuwa mstari wa mbele kama mwaka uliopita, na wamekaa wale wale. Sauti yangu haikuwa nzuri. Niliishika karatasi kwa mikono miwili.

"Mwaka jana nilisimama hapa," nikasema, "nikasoma kwamba bibi alikwenda shule. Hakwenda. Nilijua hakwenda. Nilidanganya kwa sababu nilimwonea aibu, na naomba radhi kwake, kwa shangazi, na kwenu mliokuwa mnamjua."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona shangazi. Kitenge kilikuwa mabegani, uso wake uko wazi, ananisubiri.

Nikaanza kusoma.